Wepesi wa Riwaya ya Mapenzi: Rai za Wasomaji wa Nchi ya Chai juu ya Kitabu cha Marc Levy

Mhakiki wa Kiswahili anapokutana na riwaya ya mapenzi isiyobeba mzigo wa siasa wala wa mila, aghalabu hutoa neno moja tu, nalo ni "nyepesi", kisha akaifunga. Neno hilo limetumika miongoni mwetu kwa muda mrefu kama hukumu, ilhali halijapata kuwa hoja. Makala haya yanakusudia kuuliza neno hilo lina maana gani na husemwa na nani. Nitafanya hivyo kwa kuitazama riwaya moja ya Kifaransa, Et si c'était vrai... ya Marc Levy, iliyochapishwa mjini Paris na Robert Laffont mwaka 2000, na jinsi ilivyopokewa na wasomaji wachache wa Kericho na Bomet waliokubali kuisoma, au kusomewa, pamoja nami.

Yafaa niseme kwanza jinsi kitabu hicho kilivyofika huku. Nilikinunua kikiwa kimekwisha kusomwa na wengine, wakati nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nikarudi nacho nyumbani katikati ya vitabu vizito ambavyo ndivyo hasa nilivyotumwa kuvisoma. Baadaye, nilipopewa kufundisha somo la tafsiri katika idara moja, nilipendekeza sura zake tatu ziwe zoezi la wanafunzi. Kikao kilicheka kwa adabu. Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu hadi leo, aliuliza kama Wafaransa wamekwisha kuishiwa na waandishi. Pendekezo halikupita, nami sikulitetea, maana kwa kweli nilikuwa naona haya: nilikipenda kitabu bila ya kujua nikitetee kwa hoja gani. Hata hivyo sura hizo nilizifasiri, kisha nikazipeleka kwa kikundi kidogo kilichokuwa kikikutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha duka moja karibu na Litein. Walikuwamo walimu wawili wa shule ya upili, karani wa kupima majani, kijana wa chuo aliyezaliwa na kulelewa katika kambi ya wafanyakazi wa chai, mzee mmoja wa kanisa, na bibi mmoja aliyechuma majani tangu ujana wake hata mgongo ukakataa. Huyo bibi sote tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Hakusoma, bali alisikiliza.

Msuko wa riwaya ni huu. Lauren Kline, daktari kijana wa San Francisco, anatoka zamu ndefu ya hospitali kiangazi cha mwaka 1996, anashika njia kwenda kupumzika Carmel, na gari lake linapata ajali. Mwili wake unalazwa hospitali bila fahamu. Miezi inapita. Arthur, msanifu majengo, anapanga nyumba iliyokuwa ya Lauren, na siku moja anamkuta mwanamke ndani ya kabati. Ni Lauren mwenyewe, au tuseme roho yake. Anatembea na kusema, lakini hakuna amwonaye wala amsikiaye isipokuwa Arthur. Mapenzi yanazaliwa. Madaktari wanamshawishi mama yake Lauren akubali mashine ziondolewe. Arthur na rafiki yake Paul wanauiba mwili kwa gari la wagonjwa na kuupeleka Carmel, katika nyumba iliyofungwa tangu mama yake Arthur alipofariki. Askari mpelelezi, Pilguez, anawagundua na kuamua kutowashtaki. Mwishowe Lauren anazinduka, na akizinduka hakumbuki chochote wala hamtambui Arthur. Riwaya inakoma pale Arthur anapoanza kumsimulia.

Kwao Ufaransa vitabu vya namna hii huitwa riwaya za stesheni, yaani vya kununuliwa na abiria kabla ya garimoshi kuondoka na kusahauliwa kwenye kiti. (Msomaji wa Kericho atacheka hapa. Reli haikupata kuupitia mji wetu. Iliishia kupita Londiani na Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion. Riwaya zetu za kusahauliwa husahauliwa kwenye matatu.) Levy ni miongoni mwa waandishi wa Kifaransa wanaosomwa sana, na wahakiki wa huko hawajampa nafasi inayolingana na wingi wa wasomaji wake. Jambo hilo si geni. Mwaka 1954, Françoise Sagan alipotoa Bonjour tristesse akiwa na umri wa miaka 18, Tuzo ya Wahakiki ilimwendea, ilhali François Mauriac alimwandika katika ukurasa wa kwanza wa gazeti kwa maneno yaliyochanganya sifa na hofu. Nasi Afrika Mashariki tumekuwa na Maillu wetu. After 4.30 ilipotoka mwaka 1974 watu waliinunua kwa wingi, maprofesa wakaikemea, na mwaka 1976 serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vya kampuni yake. Wakati huohuo Tanzania yenyewe ilikuwa na Simbamwene aliyekuwa akiandika vitabu kama Mwisho wa Mapenzi kwa Kiswahili. Tofauti hii ni muhimu kwetu kuliko ugomvi wenyewe: Tanzania ilikuwa na mapenzi mepesi kwa Kiswahili, Kenya mapenzi mepesi yalikuwa kwa Kiingereza. Mangua, Maillu, mfululizo wa Spear, na baadaye ule wa Pacesetters, vyote vilimfikia msomaji wa Kericho kwa lugha ya shule. Kiswahili kilimfikia kwa njia nyingine, nami nitairudia njia hiyo hapa chini.

Rai za kikundi ziligawanyika tangu kwenye jina la kitabu. Kifaransa kinasema kwa si na wakati uliopita usiotimilika, na huwezi kujua kutokana na sarufi peke yake kama msemaji anaota au anauliza. Kiswahili hakikuruhusu ujificha hivyo. Ukisema "Kama ingekuwa kweli", umekwisha kukiri kuwa si kweli. Ukisema "Je, ikiwa ni kweli?", mlango uko wazi. Mimi niliandika "Kama ingekuwa kweli", nikidhani nimefanya kazi ya kitaalamu. Kogo ndiye aliyekataa. "Mbona umemaliza hadithi kabla hujaianza?" aliuliza. Mmoja wa walimu alimjibu kwamba ndivyo inavyofaa, kwa kuwa roho haitoki kabatini. Kuanzia hapo kikundi kikawa na watu wa -nge- na watu wa -ki-, na kila tulipokutana nilikuta mpaka ule ule umebaki pale pale.

Ningetazamia mpaka huo ufuate elimu: walimu upande wa -nge-, wasiosoma upande wa -ki-. Haikuwa hivyo. Mzee wa kanisa alikuwa mtu wa -nge-, na sababu yake ilikuwa ya imani: roho ya mtu haitangitangi mjini ikitafuta chumba. Karani alikuwa mtu wa -nge- kwa sababu ya hesabu. Mwalimu wa pili, mwanamke aliyesomea hisabati, alikuwa mtu wa -ki- bila ya haya yoyote. Ndugu yake aliwahi kulala bila fahamu kwa wiki nyingi, na katika muda huo wote yeye aliketi kando ya kitanda akimsimulia habari za ng'ombe na za majirani. "Nilikuwa nasema na nani?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu.

Hesabu ya karani yastahili kuelezwa, maana ndiyo lawama nzito kuliko zote zilizotolewa dhidi ya kitabu. Alisikiliza hadi mwisho wa sura ya pili, kisha akauliza: nani analipa? Mtu amelala hospitali miezi na miezi, na mashine zinafanya kazi usiku na mchana. Nyumbani kwetu kufikia wiki ya pili kamati ya harambee imekwisha kukaa, ng'ombe mmoja ameuzwa, na bonasi ya chai ya mwaka ujao imekwisha kukopewa. Katika riwaya hii bili haisukumi mtu yeyote kufanya lolote. Arthur anaacha kazi yake akae na Lauren, na tumbo lake halimwulizi. "Haya ni mapenzi ya watu waliokwisha kulipiwa," alisema karani. Sijasoma kwa mhakiki yeyote sentensi inayoshinda hiyo, nami naikubali. Riwaya hii ni nyepesi hasa hapo, kwa maana ya kwamba uzito umeshushwa makusudi kabla ya safari kuanza. Mwandishi aliyeendesha kampuni ya usanifu kabla ya kuingia katika fasihi bila shaka alijua ankara ni kitu gani. Aliamua tu isiwemo.

Hata hivyo swali la karani lilileta jambo ambalo hakulitarajia. Tulipofika mahali mama yake Lauren anapokubali mashine ziondolewe, kikundi kilinyamaza kwa namna ambayo sijapata kuiona darasani nikifundisha riwaya zetu "nzito". Huko kwetu uamuzi huo hufanywa na pesa, na kwa hiyo hakuna anayelazimika kuuita uamuzi. Pesa zinakwisha, mgonjwa anarudishwa nyumbani, basi. Kwa kuiondoa ankara, Levy ameuacha uamuzi ukiwa uchi. Mama anabaki na swali lenyewe, hana deni la kulisingizia. Mzee wa kanisa, aliyekuwa amekipinga kitabu tangu mwanzo, ndiye aliyezungumza kwa kirefu jioni hiyo, na hakuzungumza juu ya roho. Alizungumza juu ya kikao kimoja cha ukoo wao, miaka mingi iliyopita, ambapo kila mtu alisema hapana fedha na kila mtu akafarijika. Baada ya hapo aliendelea kusema kitabu ni cha upuuzi. Sioni kuwa alijipinga.

Nakuja sasa kwenye lugha, ambako ndiko kosa langu lilikuwa kubwa kuliko makosa yote ya Levy.

Katika tafsiri yangu ya kwanza, Arthur na Lauren walipendana kwa Kiswahili nilichosomeshwa kukiheshimu. Walikuwa na "mahabuba" na "laazizi", walikuwa na huba, na mioyo yao ilikuwa ikiyeyuka kwa mahadhi ya utenzi. Kijana wa chuo alicheka hadi akatoka nje. Hakuwa na ubaya. Alisema tu kwamba mwanamume huyo anasema kama redio ya taarabu. Nikarudi, nikaandika upya kwa Kiswahili cha huku, sentensi fupi, maneno ya kila siku. Hapo karani akakunja uso. "Hivi ndivyo nyapara anavyosema na watu wake," alisema. Na ilikuwa kweli. "Njoo hapa." "Keti." "Ngoja." "Nipe mkono." Kwa Kifaransa maneno hayo ni ya mahaba, kwa Kiswahili cha mashamba ni amri za kazi.

Tangu kampuni kubwa zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya katika mistari ya majani. Kilikuwa lugha ya kuita majina asubuhi, ya kupima, ya kukataa kapu lenye majani magumu, ya kusisitiza majani mawili na chipukizi, si zaidi. Watoto wa kambi walikua nacho na kukifanya chao, lakini wazee wao walikipokea kikiwa na sauti ya juu. Nyumbani kulikuwa na Kikipsigis, ambamo kitenzi cha kupenda, cham, kimo hata katika salamu: mtu akikuambia chamgei njiani, amekuambia mjipende, nawe unajibu mising, sana. Shuleni kulikuwa na Kiingereza, na Maillu chini ya dawati. Kwa hiyo msomaji wa nchi ya chai amekuwa na lugha ya kupenda, na lugha ya kusoma juu ya kupenda, na kati ya hizo mbili Kiswahili kimebaki na kapu mgongoni. Riwaya kuu za Kiswahili zilipomfikia, zilimfikia kama vitabu vya mtihani. Kijana wa chuo anamjua Maimuna wa Utengano kwa maswali ya insha. Hajapata kulia kwa ajili yake.

Ndiyo sababu nasema neno "nyepesi" linaficha kazi ngumu. Kuandika Kiswahili chepesi cha mapenzi kwa msomaji wa Litein, kisichokuwa cha pwani ya kuigiza wala cha nyapara, ni kazi ambayo mimi, mwenye shahada ya ng'ambo, niliishindwa mara mbili. Mara ya tatu nilisaidiwa. Mwalimu wa hisabati alinishauri niache amri na kutumia maswali: badala ya "keti", "hutaketi?", badala ya "nipe mkono", "mkono wako uko wapi?" Karani alitikisa kichwa kwa kukubali. Sidai kuwa hiyo ndiyo dawa, lakini ukurasa ule ulisomwa mara mbili.

Mtihani mkubwa ulikuwa katika sura ya mwisho. Kifaransa kina tu ya mtu wa karibu na vous ya heshima. Lauren akiwa amezinduka na kumsahau, Arthur hana budi kusema naye kwa vous, kama mgeni, na katika neno hilo dogo msomaji wa Kifaransa anaona kila kitu kilichopotea. Kiswahili kina "wewe" kwa mpenzi na "wewe" kwa mpita njia. Heshima yetu tumeiweka katika majina ya kuitana. Basi Arthur amwite nani? "Mama" ingefaa kwa adabu ya huku, lakini ingemzeesha. "Dada" ni neno la kawaida la kumwita mwanamke usiyemjua, na mzee alilipendekeza. Walimu wote wawili walikataa kwamba linafunga mlango wa mapenzi kwa kufuli. Ni Kogo aliyesema, "Si ni daktari? Amwite Daktari." Katika sura zote alikuwa Lauren. Katika ukurasa wa mwisho anakuwa Daktari. Nilipoisoma hivyo kwa sauti, yule kijana aliyecheka mara ya kwanza aliangalia dirishani.

Kijana huyo, lazima niongeze, alikuwa amekwisha kuiona hadithi hii kwenye filamu ya Kimarekani ya mwaka 2005, ambamo Lauren ameitwa Elizabeth na Arthur ameitwa David, na kwa wiki mbili alishikilia kwamba mimi ndiye niliyekosea majina. Rai yake juu ya kitabu ilibaki kwamba filamu inachekesha zaidi. Hiyo nayo ni rai.

Mimi nina rai gani? Dosari za kitabu ni nyingi na wala hazikujificha. Hakuna mtu mbaya ndani yake, jambo ambalo humfanya kila mtu awe wa rangi moja. Paul anamwamini rafiki yake upesi mno, na Pilguez ana huruma ambayo mwandishi hakuigharimia. Kumbukumbu za Arthur juu ya mama yake zimejaa mashauri mazuri kuliko mama yeyote aliye hai angeweza kuyatoa. Mhakiki wa fani ataona kwamba nusu ya kwanza imejengwa kwa mazungumzo yanayokimbia ovyo, kana kwamba tayari yanaisubiri kamera. Haya yote ni kweli, na yasingetosha kukikataa kitabu kwenye somo la tafsiri. Mchekeshaji Molière alitiwa katika Kiswahili zamani, Mchuuzi Mwungwana akasomwa, wala sijasikia mtu akilalamika kwamba mzaha wake ni mwepesi. Kicheko tulikiruhusu. Mapenzi yasiyo na funzo ndiyo tuliyoyasimamisha mlangoni.

Nilimwuliza Kogo, mwishoni kabisa, kwa nini alikuwa upande wa -ki-. Nilitarajia anieleze habari za mizimu, nikawa tayari na kalamu. Alisema mahali alipopapenda ni pale mwanzo, Lauren anapomwambia Arthur kuwa kwa miezi yote hiyo amepita mbele ya watu akisema nao, na hakuna aliyegeuka. Akasema hilo ni la kweli kabisa, na kwamba mengine yote aliyakubali kwa ajili ya hilo. Kisha akaniuliza kama sura zilizobaki nimekwisha kuzifasiri. Zilikuwa bado. Sasa nimefika ya tisa.